Shangazi Anapita Dar

Jumatano usiku

Habari ilifika saa 3 usiku kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, uliotumwa katika kundi la familia kutoka Mumbai, ambako shangazi yetu, dada yake Baba anayemfuata kwa kuzaliwa, alikuwa amekwenda kutibiwa goti. Dakika tatu za mwanzo zilikuwa za salamu, kwa kuwa Shangazi hawezi kuingia katika jambo kabla hajamuulizia kila mtu kwa zamu yake. Ilikuwa katika dakika ya nne ndipo alipotaja, kama mtu anayesimulia mvua ya jana, kwamba ndege yake ya kurudi Moroni, Komoro, ilikuwa imebadilishwa. Awali angeshuka Dar es Salaam na kuunganisha baada ya muda mfupi usiotosha hata kutoka nje ya jengo. Sasa ndege ya pili ilikuwa imesogezwa mbele, na yeye angekaa uwanjani tangu alfajiri ya Jumamosi hadi jioni yake. Alikuwa akituomba tumwombee subira. Hakutualika, wala hakudokeza kwamba kuna mtu angeweza kwenda kumwona.

Baba alisikiliza ujumbe ule mara mbili, simu akiwa ameibana sikioni ingawa sauti ilikuwa imefunguliwa na nyumba nzima ilikuwa ikisikia. Kisha alinyanyuka akaenda jikoni, na tulipomfuata tulimkuta amepiga magoti mbele ya kabati la chini, anatoa masufuria moja moja, anatafuta mbuzi ya kukunia nazi.

Sina budi kueleza habari za mbuzi hiyo. Ilikuwa ya bibi yetu, mama yao, aliyefariki hapa Tanga mwezi Mei mwaka 2020, wakati ambapo ndege za kwenda na kutoka Komoro zilikuwa zimesimama kwa sababu ya korona. Shangazi aliolewa na Mngazija na ameishi Moroni zaidi ya nusu ya umri wake. Mazishi ya mama yake aliyafuata kwa simu iliyokuwa ikikatika kila baada ya dakika chache, na hakuwahi arobaini. Vitu vya marehemu vilipogawanywa, yeye aliomba kimoja tu, ile mbuzi, kibao cha mvule chenye miguu ya kukunjwa ambacho kwa kukaliwa miaka mingi kimekuwa laini kama kimepakwa mafuta. Tukamwekea. Tatizo ni kwamba hakuna mtu wa Tanga anayekwenda Moroni, na kitu kisicho na msafiri hukaa kabatini.

Mara ya mwisho Shangazi kufika nyumbani ilikuwa mwaka 2016. Tangu hapo tumeunda kamati tatu za kumleta na kufanya mkutano wa ukoo, zote zikiwa na mwenyekiti, katibu na mhazini. Ya kwanza ilikwama kwenye michango, ya pili ilikatishwa na msiba, na ya tatu ilitumia mwezi mzima kujadili rangi ya sare. Usiku huu hapakuwa na kamati. Kabla ya saa 5, Baba alikuwa amekwishaikunja mbuzi katika khanga kuukuu ya Mama na kuniambia kwamba keshokutwa tunaondoka, mimi na yeye.

Alhamisi

Siku ya simu. Swali la kwanza lilikuwa kama Shangazi ataruhusiwa kutoka uwanjani, na jibu lilitegemea pasipoti aliyoishika. Kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, Shangazi kwa miaka yote hiyo alikataa kuchukua uraia wa mumewe, jambo ambalo wakwe zake, kwa maneno yake mwenyewe, waliliona ni ukaidi wa kiTanga. Ukaidi huo sasa ulikuwa na faida: angepita uhamiaji kama Mtanzania anayerudi nyumbani, bila viza ya kupita njia wala malipo. Mizigo yake mikubwa ilikuwa imeandikishwa moja kwa moja hadi Moroni, hivyo angetoka na mkoba na fimbo yake tu.

Swali la pili lilikuwa la saa, na hapo ndipo tulipokosana. Shangazi alituma picha ya tiketi iliyoandikwa 05:40 ya kufika na 17:50 ya kuondoka. Baba mdogo wetu wa Unguja, ambaye kwa desturi ya huko tunamwita Ami, aliandika mara moja kwamba kama ndege inatua saa 5:40, basi yeye atapanda boti ya saa 1 asubuhi, ashuke Dar saa 3, anywe chai Kariakoo na bado awahi. Ilichukua ujumbe kumi na mbili kumwelewesha kwamba ile ni saa 11:40 alfajiri, na kwamba wakati yeye anapanda boti, Shangazi atakuwa amekwishatoka nje. Ami ni mtu aliyesoma na ana saa mbili nyumbani. Lakini nadhani kila Mswahili aliyewahi kushika tiketi ya ndege amewahi kusimama mahali akihesabu vidole, akiongeza sita au akipunguza sita.

Tulipomaliza ugomvi huo tulikokotoa. Kutoka nje kungechukua saa nzima hivi, na kwa safari ya kimataifa alipaswa kuwa amerudi uwanjani saa tatu kabla ya kuondoka. Mpwa wangu wa Dodoma aliandika kwa furaha, "Tuna saa nane za Bibi!" Mama mmoja wa ukoo, ambaye husoma ujumbe wa mwisho tu, akauliza: saa nane ya mchana au ya usiku?

Kaka alikata tiketi za treni kutoka Dodoma, yeye na wanawe wawili. Dada mkubwa anakaa Ukonga, karibu na Banana, mwendo wa dakika kumi kutoka uwanjani panapokuwa hakuna foleni, na nyumba yake haina ngazi hata moja. Kwa mtu mwenye goti lililotoka kutibiwa hilo lilimaliza mjadala wa mahali. Mama hakuweza kusafiri kwa sababu ya presha, lakini alitumia mchana mzima kutufungia mzigo: unga wa makopa ya muhogo kilo tatu, papa mkavu, visheti vya ndoo nzima na nazi saba za kuchagua. Nilimwambia kwamba Dar kuna nazi. Alinitazama kwa huruma.

Ijumaa

Basi liliondoka Tanga saa 12 asubuhi. Baba alikaa dirishani na mbuzi mapajani. Kondakta alimwomba mara mbili aiweke kwenye buti na mara mbili alijibiwa kwa upole kwamba haina uzito. Papa mkavu alikuwa chini ya miguu yangu ndani ya mifuko mitatu iliyofungwa moja ndani ya nyingine, na bado tulipofika Muheza abiria wa kiti cha mbele alikuwa ameshageuka kututazama. Pale Muheza wauza machungwa walilizunguka basi kama kawaida. Baba akanunua mfuko mzima, akisema kwamba mdogo wake hajala chungwa la kwao tangu Bibi yupo hai. Mzigo ukaongezeka.

Baada ya Segera barabara inashika kusini, na mashamba ya mkonge ya upande wa Kabuku yanapita dirishani mstari kwa mstari. Baba, ambaye ujana wake aliutumia katika kampuni za mkonge kabla bei haijaporomoka, huwa anazungumza sana sehemu hii ya njia, anataja mashamba na mameneja waliokwishakufa. Safari hii hakusema kitu hadi tulipokuwa tukivuka daraja jipya la Wami, aliponionyesha kwa kidole daraja la zamani, jembamba, lililobaki bondeni, ambalo magari mawili makubwa hayakuweza kupishana. "Hapo ndipo alipolia," akasema. Alimaanisha Shangazi, alipokuwa akisindikizwa kwenda Dar kupanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa bi harusi. Nikasubiri aendelee, lakini alikuwa amekwishafumba macho.

Msata, Lugoba, Chalinze. Baada ya Chalinze hakuna la kusimulia ila malori.

Tuliingia kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi saa 7 mchana, swala ya Ijumaa ikiwa imetupita. Baba anajua vizuri kwamba msafiri ana ruhusa, hata hivyo alikaa kimya kwa muda kama mtu aliyepoteza pochi. Tangu kituo hicho kifunguliwe mwaka 2021, anayetoka mikoani na kwenda Ukonga halazimiki tena kwenda hadi Ubungo. Tulichukua bajaji, tukakatiza Malamba Mawili na Kinyerezi, tukatokea Banana tukiwa na mbuzi, nazi, papa na machungwa yote, isipokuwa matatu aliyogawiwa dereva.

Kaka na wanawe walifika jioni kwa treni ya umeme. Watoto walisimulia mwendo wa kilomita 160 kwa saa na pua ya treni iliyochongoka, ambayo ndiyo imewafanya watu waiite Mchongoko, lakini Kaka alikuwa na malalamiko yake: treni yake ilipita Pugu bila kusimama, hapa jirani kabisa, ikampeleka hadi katikati ya mji, kisha ikamlazimu kurudi kwa daladala njia ileile aliyokuja nayo. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam alitumia saa tatu na nusu. Kutoka stesheni hadi Ukonga, pamoja na ujenzi wa njia ya mwendokasi katika Barabara ya Nyerere, alitumia mbili kasoro robo.

Tulilala kumi na mmoja katika vyumba viwili na sebule. Dada alikuwa ameloweka mchele wa vibibi na hakulala kabisa, kwa sababu kila alipojinyoosha alikumbuka kitu kingine.

Jumamosi

Tuliswali alfajiri nyumbani na kuondoka mara moja, watu watano katika gari moja la kukodi, wengine wakibaki kupika. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere lilianza kutumika mwaka 2019, na Baba alikuwa hajapata kuliona. Aliposikia kwamba lilijengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, aliuliza kama wote hao wana ndugu wa kuwapokea. Ubao wa taarifa ulionyesha kwamba ndege ilikuwa imetua kabla ya wakati wake kwa dakika kumi. Tulisimama kwenye uzio wa chuma tukitazama mlango wa kioo unaojifungua na kujifunga. Wakatoka wafanyabiashara na mabegi yao, wakatoka wagonjwa waliotoka kutibiwa India pamoja na wasindikizaji wao, unaowajua kwa bahasha kubwa za picha za eksirei wanazozishika mkononi kwa hofu ya kuzikunja. Baba aliivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena. Alifanya hivyo mara nne.

Shangazi alitoka saa 1 kasorobo akisukumwa katika kiti cha magurudumu na kijana wa uwanja, fimbo ikiwa imelala mapajani. Alikuwa amepungua. Hakupiga kelele wala hakulia. Alimwambia kijana asimame, akajishika kwenye fimbo, akanyanyuka, kwa sababu hawezi kumwamkia kaka yake akiwa amekaa.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu siku ile?"

"Njema tu. Habari za mguu?"

"Mguu umetengenezwa. Habari za nyumbani?"

Wakaendelea hivyo, wakiulizana habari za nyumba, za majirani, za msikiti, za mwembe wa uani, mmoja akimshika mwenzake kiganja, na watu wenye mabegi wakitupita kushoto na kulia. Kijana wa kiti cha magurudumu, ambaye bila shaka alikuwa na abiria wengine wa kuwafuata, alisubiri bila kutazama saa. Nilimpa machungwa manne.

Nyumbani vilizuka vigelegele ambavyo viliamsha mtaa. Dada alikuwa ameandaa kiti cha juu chenye mikono, kwa kuwa kochi lilikuwa la chini mno kwa goti, na mpwa wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikabidhiwa kazi ya kutunza muda: alikuwa na daftari, na kila baada ya nusu saa alitangaza zimebaki ngapi, hadi baba yake alipomwomba atangaze kwa saa nzima tu. Watoto walipanga foleni ya kumwamkia Bibi, naye akaitikia "marahaba" kila mmoja. Kisha akaletewa chai na vibibi, akapokea na kusema tena "marahaba". Wakatazamana. Akaletewa maji ya kunawa: "Marahaba." Mdogo kuliko wote hakuweza kuvumilia, akauliza, "Bibi, mbona hatujakuamkia?" Kumbe kwa Kikomoro neno hilo hilo ndilo la kushukuru, na baada ya miaka yote ile limemkaa mdomoni kwa kazi zote mbili. Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa ikishukuru kwa marahaba, na hata sasa watoto wa Kaka hawajaacha.

Ami aliwasili saa 4 na nusu, moja kwa moja kutoka bandarini, akiwa na mfuko wa haluwa na maelezo marefu kuhusu boti.

Jambo ambalo ningependa kuliandika kwa utulivu lilitokea kabla ya adhuhuri. Shangazi alikuwa ameomba bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa wa nazi, na akataka nazi ikunwe kwa mbuzi ya mama yake hata kama Dada ana mashine. Lakini mbuzi hukaliwa chini, magoti yakiwa juu, na goti lake halikuruhusu. Dada akajitolea, Shangazi akakataa, hakusema kwa nini. Ndipo Baba alipoikunjua khanga, akaitegua miguu ya mbuzi pale uani chini ya kivuli cha mpera, akakunja kanzu yake na kukaa. Nina miaka arobaini na mbili, na sikuwahi kumwona baba yangu, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, amekaa juu ya mbuzi. Katika nyumba aliyolelewa, mwanamume aliyefanya hivyo angetungiwa jina.

Alivunja nazi ya kwanza kwa kisu kinyumenyume, maji yakamwagika kwenye kanzu. Akashika kipande kwa viganja viwili, akakikandamiza kwenye chuma chenye meno na kukizungusha, na machicha meupe yakaanza kudondoka katika sinia. Shangazi, aliyewekewa kiti mbele yake, akamwelekeza: polepole, anzia pembeni, usifike kwenye ganda jeusi, tui litakuwa chafu. Alifika kwenye ganda jeusi. "Mama angekupiga mwiko," akasema Shangazi. Baba akacheka bila kuinua kichwa, na baada ya muda, akiwa bado anakuna, akaanza kusimulia.

Alisimulia siku ya mwisho ya mama yao tangu asubuhi. Jinsi alivyoomba uji wa mchele na kuukataa kwa sababu haukuwa na hiliki. Jinsi alivyotaka kitanda kigeuzwe ili aone mlango. Nani alikuwepo, nani alitumwa kumwita shekhe, ni nani aliyeshika kichwa. Jinsi mwaka ule watu walivyoogopa kusogeleana, na hata hivyo wanawake wa mtaa wakaja. Hakuna kati ya hayo ambalo sisi tuliobaki hatukuwa tukilijua, lakini Shangazi alikuwa akiyasikia kwa mpangilio kwa mara ya kwanza. Katika simu alikuwa amepewa vipande. Aliuliza maswali madogo. Sanda ilinunuliwa duka gani. Mvua ilikuwa ikinyesha? Baba akajibu kila moja, akabadilisha kipande cha nazi, akaendelea. Alikuna nazi tano, wakati mchuzi ule ulihitaji mbili. Dada alikuja mlangoni na sufuria mara moja, akarudi ndani.

Mtunza muda alitangaza zimebaki tatu.

Tulikula saa 7, sisi watu ishirini na wawili, kwa kuwa majirani nao walikuja. Tui lilikuwa na rangi ya majivu kidogo na hakuna aliyelisema. Shangazi alikula bada kwa mkono, polepole, akifinyanga kila tonge kabla ya kulichovya. Ami aliupiga picha mkusanyiko mzima mara tatu, na katika zote mtu mmoja amefumba macho, kila mara mwingine.

Saa 8 na nusu tulikuwa njiani. Mlango wa waondokao huruhusu wenye tiketi tu, hivyo tuliagana kwenye njia ya magari, kwa haraka kuliko tulivyotaka, na Shangazi akasukumwa ndani akiwa na mkoba, mfuko wa visheti, haluwa na mbuzi mapajani. Baada ya dakika tano simu ililia. Mashine ya ukaguzi ilikuwa imekiona kile chuma. Ofisa wa ulinzi, ambaye Shangazi alisisitiza kwamba ni kijana mwenye adabu sana, alimweleza kuwa kitu chenye makali hakiwezi kuingia ndani ya ndege pamoja na abiria. Angeweza kukiandikisha kama mzigo, lakini mizigo yake miwili ilikuwa imeshahesabiwa, na wa tatu ulikuwa na malipo ambayo Shangazi aliyakataa hata kabla hajatajiwa kiasi.

Baba alisikiliza, kisha akauliza: "Kibao wanakikataa?" Hapana, kibao hawakikatai. Ikabidi chuma kitolewe. Dereva wetu alikuwa na bisibisi ndani ya buti. Ofisa akakubali mbuzi iletwe hadi mlangoni, na mimi na Kaka tukachuchumaa pale kando, abiria wakituruka na masanduku yao, tukihangaika na parafujo mbili zilizoshika kutu tangu kabla hatujazaliwa. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikatika kichwa, na Kaka akalazimika kukitikisa chuma kushoto na kulia hadi kikatoka na kibanzi kidogo cha mbao. Shangazi alikuwa akitutazama kupitia kioo kutoka kwenye kiti chake. Tulimrudishia kibao. Alikiinua, akalichungulia lile tundu lililobaki, kisha akatupungia mkono, na kiti kikageuzwa.

Chuma kilikuwa bado na machicha ya nazi katika meno. Baba alikifunga kwa gazeti la dereva na kukitia katika mfuko wa kanzu.

Jumapili

Basi la saa 2 asubuhi. Kaka alikuwa ameondoka kwa treni ya alfajiri, kwa kuwa Jumatatu ni shule. Kabla hatujatoka Mbezi iliingia picha kutoka Moroni, kibao cha mbuzi kikiwa kimesimamishwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, kama mgeni aliyekaribishwa. Ndege yake ilichukua chini ya saa mbili kufika uwanja wa Hahaya, kule Moroni. Sisi hadi Tanga tulitumia saa saba, kwa sababu ya gari lililokuwa limelala barabarani mbele ya Mkata.

Baba alizungumza njia nzima. Alitaja mashamba ya mkonge, mameneja, na tulipokuwa tukikaribia Wami, akamalizia ile habari ya daraja aliyoiacha Ijumaa: Shangazi hakulia kwa sababu ya kuolewa mbali, bali kwa sababu alikuwa amekumbuka kwamba alisahau viatu vyake vipya nyumbani, na hakuna aliyekubali kugeuza gari.

Usiku, baada ya Isha, ulifika ujumbe wa sauti wa dakika sita. Baada ya salamu, Shangazi alieleza kwamba amekwishampata fundi wa vyuma atakayemchongea chuma kipya, na kwamba amemwambia apime kwa uangalifu lile tundu, asilipanue. Baba aliusikiliza mara mbili, simu ikiwa sikioni. Mama alikuwa amekikuta kile chuma ndani ya gazeti juu ya kabati la jikoni, akauliza akiweke wapi.

"Kiache hapo hapo," Baba akasema. "Kesho nitakwenda kwa seremala."